Kutoka radi za bara hadi dhoruba ya baharini: kitu gani hasa huvuka pwani?

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kuja. Nitaanza na swali lenyewe.

Usiku kucha mawingu ya radi yamepiga bara: umeme, upepo wa ghafla, mvua ya kumwagika. Kulipopambazuka yamechakaa, yamebaki kama utando wa kijivu unaosukumwa polepole kuelekea baharini. Watu wa pwani wanatazama juu na kusema, imekwisha. Siku mbili au tatu baadaye, mahali palepale utando ulipotelea, pana dhoruba ya kitropiki yenye jina, na meli zinaambiwa zikae bandarini. Kitu gani kilivuka pwani hapo katikati?

Wengi hujibu kuwa ni wingu. Lakini wingu la radi moja moja huishi kwa dakika 30 hadi 60, na hata kundi kubwa la mawingu hayo mara nyingi halimalizi siku. Kinachovuka pwani ni mambo mawili yasiyoonekana kwa macho: mzunguko wa hewa uliojengeka kilomita 3 hadi 6 juu ya ardhi, na unyevu ambao mvua iliuacha katika tabaka hilohilo. Wingu linaweza kufa kabisa na mzunguko ukabaki hai. Ndiyo maana anayefuatilia mawingu peke yake hushtukizwa, na anayefuatilia mzunguko huwa na siku moja au mbili za kujiandaa.

Tuanze bara. Mchana jua huipasha ardhi, na kufikia alasiri mawingu ya radi yanachomoza hapa na pale, kila moja kivyake. Kila wingu linaponyesha, sehemu ya mvua huvukizwa na hewa kavu inayopita ndani yake. Hewa hiyo hupoa, huwa nzito, na kuporomoka hadi chini. Ikifika ardhini husambaa pande zote, na ukingo wake unaotangulia huinua hewa yenye joto iliyo mbele, hivyo wingu jipya huzaliwa jirani na la zamani. Jioni hewa hizi baridi zinakutana na kuungana kuwa dimbwi moja pana, na mawingu yaliyokuwa yametawanyika yanakuwa kundi moja. Usiku, katika nyanda nyingi za bara, upepo wa mita mia kadhaa kutoka ardhini huongezeka kasi na kuleta unyevu mpya. Ndiyo sababu makundi makubwa hufikia kilele karibu na saa sita za usiku au baadaye, wakati jua limeshasahaulika.

Mwaka 1980 mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, Robert Maddox, aliweka vipimo vya kutambua yaliyo makubwa kuliko yote katika picha za infraredi za setilaiti, yaani zinazopima joto la vilele vya mawingu. Sehemu ya juu ya wingu yenye baridi ya nyuzi -32 za Selsiasi au zaidi iwe na eneo la kilomita za mraba 100,000 au zaidi. Ndani yake, sehemu yenye nyuzi -52 au baridi zaidi ifikie kilomita za mraba 50,000. Hali hiyo idumu saa 6 au zaidi, na umbo liwe karibu na duara: mhimili mfupi usipungue asilimia 70 ya ule mrefu. Nimevitaja vipimo hivi kwa sababu bado ni kichujio kizuri cha kuanzia. Kundi lililotimiza vigezo hivi lina nafasi kubwa ya kuacha mzunguko nyuma yake kuliko mstari mwembamba wa radi unaopita kwa saa mbili.

Sasa sikilizeni kwa makini, kwa sababu hapa ndipo mzunguko unapozaliwa. Nyuma ya radi kali hubaki eneo pana la mvua tulivu, ile inayonyesha kwa saa nyingi bila kishindo. Wapita njia huidharau, lakini ndiyo kiwanda chenyewe. Katika nchi za joto, kiwango cha nyuzi sifuri kiko karibu kilomita 4.5 hadi 5 juu. Juu ya kiwango hicho mvuke unageuka matone na barafu na kutoa joto fiche, yaani joto lililokuwa limehifadhiwa ndani ya mvuke: takriban jouli milioni 2.5 kwa kila kilo ya maji. Chini ya kiwango hicho barafu inayeyuka na matone yanavukizwa, kwa hiyo hewa inapozwa. Juu inapashwa na kupanda, chini inapozwa na kushuka. Nafasi inayoachwa katikati lazima ijazwe, na hewa ya pembeni inaingia kutoka pande zote katika tabaka hilo la kilomita 3 hadi 6.

Hewa yote ya dunia tayari inazunguka kidogo kwa sababu dunia yenyewe inazunguka. Inapovutwa kuelekea katikati, kasi ya kuzunguka inaongezeka, sawa na maji ya beseni lenye tundu yanavyozidi kuzunguka kadiri yanavyolikaribia tundu. Tuweke hesabu. Katika latitudo ya 30, kiwango cha mzunguko unaotokana na dunia ni karibu 0.000073 kwa sekunde. Kama hewa inakusanyika kwa kiwango cha 0.00005 kwa sekunde, ambacho ni cha kawaida chini ya mvua tulivu iliyokomaa, mzunguko wote huongezeka maradufu kila baada ya saa 4 hivi. Mvua hiyo ikidumu saa 8, mzunguko umekuwa mara nne ya ulivyoanza. Ikidumu saa 2 tu, hakuna kitu cha maana kilichojengeka. Katika latitudo ya 5 kianzio chenyewe ni kidogo, chini ya moja ya tano ya kile cha latitudo ya 30, na kazi ileile ya mvua huzaa mzunguko hafifu. Mtaona baadaye kwa nini jambo hili linafunga mlango kabisa karibu na ikweta.

Matokeo yake asubuhi ni mzunguko wenye upana wa kilomita 50 hadi 200 au zaidi, uliokaa tabaka la kati. Nitauita mzunguko wa kati. Katika picha za mchana huonekana kama mizunguko ya mawingu membamba iliyojiviringisha, mara nyingine bila tone la mvua. Ukipata upepo tulivu unaweza kuishi siku kadhaa. Alasiri inapofika, upande mmoja wake huinua hewa na kuanzisha radi mpya, radi hizo zinaunda mvua tulivu nyingine, na mzunguko unapata chakula cha siku ya pili. Wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani, Lance Bosart na Frederick Sanders, katika kazi yao ya 1981, walifuatilia mfumo wa namna hii kwa saa 96, kutoka South Dakota hadi Atlantiki ya magharibi. Njiani, usiku wa tarehe 19 kuamkia 20 Julai 1977, mfumo huo ulisababisha mafuriko mabaya ya Johnstown, Pennsylvania. Mawingu yalikufa na kuzaliwa upya mara kadhaa katika safari hiyo, lakini mzunguko ulikuwa mmoja.

Mtu anaweza kudhani kwamba mzunguko huo ukishafika juu ya maji ya moto, kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza shida inaanza, na hapa ndipo mingi inapofia.

Mzunguko wa kati unaelea. Chini yake kuna lile dimbwi la hewa baridi iliyoporomoka na mvua, na penye hewa baridi na nzito mgandamizo wa hewa usoni pa dunia huwa juu, si chini. Dhoruba ya kitropiki inataka kinyume chake kabisa: mgandamizo wa chini usoni pa bahari na upepo mkali zaidi karibu na maji. Kwa maneno mengine, kilichozaliwa bara kina umbo lililopinduliwa.

Mzunguko unaoelea unafika chini kwa kina gani? Wataalamu hukadiria kwa kuzidisha kiwango cha mzunguko wa dunia kwa upana wa mfumo, kisha kugawanya kwa kipimo cha uimara wa hewa, yaani jinsi hewa inavyokataa kusukumwa juu au chini, ambacho kwa kawaida ni karibu 0.01 kwa sekunde. Chukueni latitudo ya 30 na mfumo wa kilomita 100: jibu ni mita 700 hivi. Mzunguko ulio kilomita 4 juu, unaoshuka mita 700 tu, hauwezi kuyagusa maji. Upana ukiwa kilomita 400, kina kinakaribia kilomita 3. Na hewa iliyojaa unyevu ina uimara mdogo kuliko kavu, hivyo kina huongezeka tena. Haya ni makadirio ya mkono, lakini yanaeleza mambo mawili kwa mpigo: kwa nini mizunguko mipana hufaulu zaidi kuliko midogo, na kwa nini unyevu wa tabaka la kati ni hazina.

Bahari inafanya kazi gani basi? Kwanza inalirekebisha dimbwi la hewa baridi. Chukulieni upepo wa mita 10 kwa sekunde na hewa iliyo juu ya maji yenye upungufu wa gramu 5 za mvuke kwa kila kilo, ikilinganishwa na hewa inayogusa uso wa maji. Bahari hiyo hupeleka juu nishati ya wati 170 hivi kwa kila mita ya mraba kwa njia ya uvukizaji. Ikiwa dimbwi lina kina cha kilomita 1 na linahitaji kuongezewa gramu 3 za mvuke kwa kila kilo ili lirudi katika hali ya kuzaa radi, itachukua saa 13 hivi. Upepo ukiwa mita 5 kwa sekunde, muda huo huongezeka maradufu. Kwa hiyo msitarajie dhoruba mara tu mfumo unapovuka ufuko. Kwa kawaida kuna kimya cha nusu siku au siku nzima, na kimya hicho ndicho hudanganya watu.

Bara haliwezi kutoa huduma hiyo usiku kucha. Ardhi ikikosa jua inapoa haraka, na msuguano wa miti, vilima na majengo unaula upepo wa chini. Maji yana hifadhi ya joto mchana na usiku, na uso wake ni laini kuliko nchi kavu.

Dimbwi likishapona, radi mpya zinaibuka ndani ya mzunguko, aghalabu usiku wa manane kuelekea alfajiri, kwa kuwa juu ya bahari wazi ndio wakati wake. Kama tabaka la kati bado ni kavu, mvua ya radi hizo inavukizwa njiani, hewa baridi inaporomoka upya, dimbwi linarudi, na saa 13 zinaanza kuhesabiwa tena. Mfumo unaweza kupitia duru mbili au tatu za namna hii. Kila duru huacha unyevu kidogo juu. Siku inapofika ambapo hewa kutoka usoni hadi kilomita 6 imekaribia kushiba, mvua haivukizwi sana, hewa baridi inayoshuka inadhoofika, na kwa mara ya kwanza hewa inaanza kukusanyika karibu na uso wa maji badala ya kilomita 4 juu. Hapo mzunguko unajengwa kutoka chini. Minara ya radi yenye upana wa kilomita 10 hadi 20, kila mmoja ukiwa na mzunguko wake mkali, inaungana na kulisha mzunguko mkubwa.

Kuanzia hapo kuna mnyororo unaojivuta wenyewe: upepo ukiongezeka uvukizaji unaongezeka, uvukizaji ukiongezeka joto fiche linalotolewa juu linakuwa kubwa, mgandamizo unashuka, upepo unaongezeka tena. Katika hesabu yetu ya awali, upepo wa mita 20 kwa sekunde ungechota wati 345 badala ya 170. Mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, Kerry Emanuel, aliweka nadharia ya mnyororo huu katika miaka ya 1980, na majaribio ya ndege katika Pasifiki karibu na Meksiko mwaka 1991 yaliyofuatilia kuzaliwa kwa kimbunga Guillermo yalisaidia sana kuonyesha jinsi mzunguko wa kati unavyoshuka hadi majini pale mvua inapoishibisha hewa.

Masharti ya jumla ya kuzaliwa kwa dhoruba mnayajua, nayapitia haraka. Maji yawe na nyuzi 26.5 au zaidi, na joto hilo lishuke hadi mita 50 hivi, maana upepo hukoroga maji na kuleta ya chini juu. Mfumo uwe angalau nyuzi 5 hivi za latitudo kutoka ikweta. Tofauti ya upepo kati ya chini (palipo na mgandamizo wa hektopaskali 850, karibu kilomita 1.5 juu) na juu (hektopaskali 200, karibu kilomita 12) isizidi mita 10 kwa sekunde kwa ujumla. Tabaka la kati liwe na unyevu. Na kuwe na mzunguko wa kuanzia, ambao katika mada yetu umeletwa na bara. Majina ya hatua: upepo ulio chini ya kilomita 63 kwa saa ni mgandamizo mdogo wa kitropiki, kilomita 63 na kuendelea ni dhoruba, na hapo hupewa jina, kilomita 119 kwa saa Atlantiki huitwa harikeni.

Kuhusu tofauti ya upepo nitakaa kidogo, kwani ndiyo muuaji namba moja. Tuseme upepo wa juu unakwenda haraka kuliko wa chini kwa mita 10 kwa sekunde. Kwa saa moja sehemu ya juu imetangulia kilomita 36. Kwa saa tatu imezidi kilomita 100, yaani upana mzima wa mzunguko mchanga. Joto lililotolewa juu halikai tena juu ya mgandamizo wa chini, na mfumo unakatika vipande viwili. Mfumo mkubwa unaweza kuvumilia kwa sababu mzunguko wa chini na wa juu huvutana. Mfumo mchanga hauna nguvu hiyo.

Tuangalie yaliyotokea. Julai 1997 kundi la radi lililojengeka kusini mashariki mwa Marekani liliteremka hadi kaskazini mwa Ghuba ya Meksiko. Maji yalikuwa ya moto, upepo wa juu dhaifu. Tarehe 16 likawa mgandamizo mdogo wa kitropiki, tarehe 17 likawa dhoruba na kuitwa Danny, tarehe 18 likawa harikeni. Lilikuwa dogo kwa eneo na la pole sana katika mwendo, likasimama karibu na Mobile Bay huko Alabama, na kituo cha Dauphin Island kikapima mvua ya milimita 932. Hatari ya mifumo ya asili hii ndiyo hiyo: huzaliwa karibu na pwani, katika upepo dhaifu, kwa hiyo hakuna kinachoisukuma iondoke.

Harikeni Barry ya Julai 2019 inafundisha jambo jingine. Mzunguko wake ulizaliwa mwanzoni mwa mwezi katika mvua za radi juu ya Kansas, katikati kabisa ya bara, ukatembea kuelekea mashariki kisha kusini, na kuingia Ghuba karibu na tarehe 10. Tarehe 11 ulipewa jina, tarehe 13 ukagonga Louisiana kama harikeni ya daraja la kwanza, kwa shida. Kwa nini kwa shida? Upepo wa juu kutoka kaskazini na hewa kavu viliisukuma mvua yote upande wa kusini, na kitovu kikabaki wazi bila mawingu kwa muda mrefu. Tazameni muda: zaidi ya wiki moja juu ya ardhi, siku tatu tu juu ya maji. Kituo cha Kitaifa cha Harikeni cha Marekani kilianza kutoa taarifa kabla haujakamilika, chini ya utaratibu wa 2017 unaoruhusu tahadhari kwa mfumo ambao bado haujawa dhoruba lakini utaweza kufika nchi kavu kabla watu hawajajiandaa. Utaratibu huo ulihitajika hasa kwa mifumo ya namna hii.

Afrika Magharibi kazi hufanyika kwa kiwango kikubwa zaidi. Upepo wa mashariki ulio kilomita 3 hadi 4 juu ya Saheli hujipinda kuwa mawimbi yenye urefu wa kilomita 2,000 hadi 4,000, yanayopita kila baada ya siku 3 hadi 5. Kwa mwaka yapo karibu 60. Milima ya mashariki, hasa ya Ethiopia na ya Darfur, huzaa radi zinazoamsha au kuimarisha mawimbi hayo. Harikeni Alberto ya Agosti 2000 imefuatiliwa nyuma hadi kundi la radi lililozaliwa juu ya nyanda za Ethiopia, zaidi ya kilomita 5,000 kutoka Atlantiki. Mawimbi haya ndiyo chanzo cha karibu asilimia 60 ya dhoruba za Atlantiki na asilimia 85 hivi ya harikeni kubwa. Lakini hesabuni upande wa pili: katika mawimbi 60, machache tu yanakuwa dhoruba. Mengi huvuka pwani na kukuta hewa kavu yenye vumbi la Sahara, au maji ya ubaridi yanayopanda kutoka vilindini kaskazini mwa Senegal.

Kimbunga Idai cha Machi 2019 si cha radi za usiku mmoja, ila lazima nikitaje. Mgandamizo mdogo ulianza karibu na pwani ya Msumbiji, ukaingia bara tarehe 4, ukamwaga mvua kubwa Msumbiji na Malawi kwa siku kadhaa, na haukupoteza mzunguko wake. Ukarudi Mlangobahari wa Msumbiji karibu na tarehe 9, ukapata jina, ukakomaa kuwa kimbunga kikali, na usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 ukagonga karibu na Beira. Mtu aliyeufuta katika ramani yake ulipoingia nchi kavu alifuta kitu kilichokuwa hai.

Sasa namna ya kufuatilia, kwa wenye kazi hiyo.

Picha ya infraredi ya usiku huonyesha vilele vya mawingu tu. Utando mpana wa mawingu ya juu unaweza kuficha kila kitu chini yake, na wingu baridi sana halimaanishi kuna mzunguko. Subirini picha ya mwanga wa kawaida ya asubuhi, dakika 30 hadi 60 baada ya jua kuchomoza, mtafute mistari ya mawingu ya chini inayojipinda. Ziunganisheni picha za saa tatu ziwe filamu. Jicho linauona mzunguko katika mwendo mapema kuliko katika picha moja. Angalieni pia kama mistari ya chini na mawingu ya kati yanazunguka sehemu moja. Vitovu vikiachana kwa kilomita 100, mfumo bado haujawa dhoruba.

Upepo wa usoni pa bahari hupimwa na rada za setilaiti zinazosoma viwimbi vya maji, kama ASCAT. Hapo tafuteni upepo upande wa ikweta, unaovuma kinyume na upepo wa kawaida wa eneo. Ukiwepo, mzunguko umefungika chini na mambo yamebadilika. Angalizo: kipimo hiki hakiaminiki ukingoni kabisa mwa nchi kavu, na mvua nzito hukipotosha. Kwa mifumo inayozaliwa kilomita 50 kutoka ufukweni, rada ya pwani na maboya ndiyo ya kutegemewa.

Mgandamizo wa hewa ndio ninaousisitiza, kwani kifaa chake ni cha bei nafuu na meli nyingi zinacho. Katika tropiki mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku hata hali ikiwa shwari kabisa: juu karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, chini karibu na saa 10 jioni na saa 10 alfajiri. Tofauti yake ni hektopaskali 2 hadi 3. Anayelinganisha kipimo cha saa 4 asubuhi na cha saa 10 jioni ataona kushuka na kuogopa bure. Linganisheni na saa ileile ya jana. Radi za kawaida zikipita, mgandamizo huruka juu kwa sababu ya hewa baridi, kisha hurudi. Mvua ikiwa inaendelea, hewa haipoi tena kwa kila manyunyu, na mgandamizo uko chini ya ule wa saa ileile jana kwa hektopaskali 3 au zaidi, dimbwi la baridi limekwisha na umbo limeanza kupinduka.

Modeli za kompyuta ziwasaidie, lakini jueni kasoro yake. Modeli za dunia nzima zina miraba ya kilomita 9 hadi 25, na radi yenye upana wa kilomita 5 haiwezi kuchorwa ndani yake, hukadiriwa. Modeli ikikosea mahali pa radi za leo usiku kwa kilomita 150, inaweza kuuacha mzunguko nchi kavu wakati kwa kweli umefika baharini. Kwa hiyo utabiri mmoja hautoshi. Tazameni kundi zima la utabiri, yaani modeli iliyoendeshwa mara nyingi kwa vianzio vinavyotofautiana kidogo, muone ni sehemu gani ya wanachama wake inapeleka mzunguko majini na kuuweka huko zaidi ya siku moja.

Niko tayari kwa maswali.

(Msikilizaji aliuliza kama ziwa kubwa linaweza kufanya kazi ya bahari.)

Joto la maji lipo katika maziwa mengi ya tropiki, na radi za usiku juu yake ni kali kweli. Lakini Ziwa Victoria, kwa mfano, linakatwa na ikweta. Mzunguko wa dunia hapo ni karibu na sifuri, hivyo hewa ikikusanyika hujaza pengo moja kwa moja badala ya kuzunguka, na mgandamizo haudumu chini. Eneo pia ni dogo: mfumo unaotembea mita 5 kwa sekunde hulivuka ziwa la kilomita 250 kwa saa 14, muda unaotosha kulirekebisha dimbwi la baridi na kuishia hapo.

(Mwingine aliuliza kama dhoruba ikirudi nchi kavu inaweza kupata nguvu.)

Ni nadra, ila imetokea. Dhoruba Erin ya Agosti 2007 iliingia Texas ikiwa dhaifu, na tarehe 19, ikiwa Oklahoma, mamia ya kilomita kutoka baharini, rada ilionyesha kitovu chenye jicho. Ardhi ya huko ilikuwa imeloa kwa mvua nyingi za miezi iliyotangulia, na udongo uliojaa maji huvukiza kwa muda karibu kama bahari ya kina kifupi. Kwa hiyo mfumo unapoelekea bara baada ya msimu wa mvua nyingi, endeleeni kuweka alama ya kitovu chake kwenye ramani kila saa 6, hata kama taarifa za baharini zimeshafungwa.